Thabit bin Qurra na Adadi Zinazopendana

Ndugu zetu wasomaji, kati ya Pwani yetu na nchi ya Wakamba pana njia iliyotangulia reli na barabara ya lami. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka kutoka Kitui hadi Mombasa ikiwa na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, ushanga na waya wa shaba. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilikata Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, miji ambayo leo imo katika Kaunti ya Makueni. Hata sasa maembe na machungwa ya Makueni, na ndengu na asali ya Kitui, huuzwa katika masoko yetu, na wengi wetu tuna jamaa, washirika na marafiki huko.

Lakini katika njia hiyo hiyo hupita bidhaa nyingine isiyopimwa kwa kibaba wala kwa mizani. Wako watu wetu wajiitao waganga wa kitabu, wanaokwenda bara na vijikaratasi vilivyochorwa vyumba vya namba, wakaviuza kuwa ni dawa ya mapenzi, ya biashara na ya kesi. Na wako watu wetu wengine wanaopanda basi kwenda Kitui kutafuta kinga na dawa, kwa kuwa Kitui imevumishiwa uganga tangu zamani. Mkamba aambiwa kuwa siri iko Pwani, na mtu wa Pwani aambiwa kuwa siri iko Kitui. Basi kila mmoja amwendea mwenziwe kutafuta kitu ambacho hapana hata mmoja kati yao aliye nacho.

Twaona mambo haya hayaponi kwa kukemea peke yake. Mtu akiogopa namba asiyoifahamu, dawa yake ni kuifahamu. Kwa hivyo tumechagua leo kusimulia maisha ya mwanachuoni mmoja aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita, ambaye aliichukua hesabu iliyofichwa katika vitabu vya siri, akaitoa nje mchana, akaisimamishia burhani. Huyo ni Abu al-Hasan Thabit bin Qurra, mtu wa Harran.

Thabit alizaliwa yapata mwaka 221 wa Hijra, sawa na 836 wa Miladi, katika mji wa Harran, ambao leo umo kusini mwa nchi ya Uturuki. Yatupasa kusema wazi tangu mwanzo kwamba hakuwa Mwislamu. Alikuwa katika kaumu ya Wasabai wa Harran, watu waliozitukuza nyota na sayari, na waliohifadhi mengi katika elimu ya Wayunani wa kale. Wako waandishi wapendao kumhesabu kila mwenye elimu aliyeishi Baghdad kuwa ni mmoja wetu, ili wapate kujifakhirisha. Sisi hatuoni haja ya fahari ya namna hiyo. Fahari ya Baghdad ya zama zile haikuwa kwamba kila mwanachuoni alikuwa Mwislamu. Ilikuwa kwamba mji wa Waislamu ulijua thamani ya elimu, ukampa nafasi aliyekuwa nayo, hata akiwa si wa dini yao.

Yasimuliwa kwamba katika ujana wake Thabit alikuwa sarafu, yaani mwenye kazi ya kubadilisha fedha sokoni. Kazi hii yafahamika kwa wafanyabiashara wetu: ni kupima, kugawanya na kuhesabu mchana kutwa, na kosa la chembe moja ni hasara. Pamoja na hayo alikuwa na lugha tatu. Kisiriani kilikuwa lugha ya kwao, na juu yake alikijua Kiyunani na Kiarabu kwa ufasaha.

Zama hizo walikuwako Baghdad ndugu watatu mashuhuri, wana wa Musa bin Shakir, waliotumia mali zao kutafuta vitabu vya kale na kuwalipa watu wa kuvifasiri. Mmoja wao, Muhammad, alikuwa akirejea kutoka nchi ya Warumi alipokutana na kijana Thabit. Akapendezwa na lugha yake na akili yake, akamchukua hadi Baghdad, akamweka nyumbani kwake na kumsomesha. Hapo sarafu akawa mwanachuoni. Nasi twaomba wenye mali miongoni mwetu walitazame jambo hili kwa makini: tajiri mmoja aliyemtambua kijana mmoja sokoni alileta faida ambayo haijaisha mpaka leo.

Kazi aliyoifanya Thabit huko ni kubwa mno. Alisahihisha tafsiri ya Kiarabu ya kitabu cha Euclid, ambacho ndicho msingi wa elimu ya jiometri. Alifasiri vitabu vya Archimedes, na vitabu vya tano hadi cha saba vya Apollonius juu ya mikato ya koni. Vitabu hivyo vitatu asili yake ya Kiyunani imepotea, na lau si Kiarabu cha Thabit tusingalikuwa navyo. Alifasiri pia utangulizi wa elimu ya adadi wa Nicomachus. Mwenyewe alitunga vitabu vya nyota, vya tiba na vya jiometri, na kitabu mashuhuri juu ya mizani ya kapani, akibainisha kwa dalili sababu ya uzito mdogo ulio mbali kuulingana uzito mkubwa ulio karibu. Aliyepata kuona gunia likipimwa kwa kapani ameona kwa macho yake jambo ambalo Thabit alilithibitisha kwa akili.

Khalifa al-Mu'tadid, aliyetawala tangu 892 hadi 902, alimweka karibu mno. Imepokewa kwamba siku moja Khalifa alikuwa akitembea naye bustanini, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Thabit, mara akauondoa kwa ghafula. Thabit akashtuka, akidhani amekosa adabu. Khalifa akamweleza kwamba yeye ndiye aliyeghafilika, kwa kuuweka mkono wake juu ya mkono wa mwenye elimu, ilhali wenye elimu ndio wanaostahiki kuwa juu.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tumtaje, nalo ni adadi, yaani namba. Twamwomba msomaji asikimbie, kwani hapana hapa ila kugawanya na kujumlisha.

Mwenye kupanga maembe ya Makueni juu ya meza, akiwa na maembe 12, aweza kuyapanga kwa mafungu ya 1, ya 2, ya 3, ya 4 au ya 6 pasi na kubaki hata moja. Hivyo ndivyo vigawo vya 12, mbali na 12 yenyewe. Ukivijumlisha vigawo hivyo wapata 16, nayo ni zaidi ya 12. Kwa hivyo wanachuoni waliiita 12 adadi ya zaidi. Akiwa na maembe 10, mafungu yake ni 1, 2 na 5, na jumla yake ni 8, pungufu ya 10. Hiyo ni adadi pungufu. Akiwa na maembe 6, mafungu yake ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6 barabara, haikuzidi wala haikupungua. Hiyo huitwa adadi timilifu. Adadi timilifu ni chache: baada ya 6 yaja 28, kisha 496, kisha 8,128, na hapana nyingine kati ya hizo. Na akiwa na maembe 7, hana la kufanya ila kuyapanga moja moja au yote pamoja. Adadi kama hiyo isiyozaa mafungu huitwa tasa.

Kila adadi, iwe ndogo kama maembe ya meza moja au kubwa kama magunia ya ndengu yanayotoka Kitui msimu mzima, imo katika mojawapo ya makundi matatu: ya zaidi, pungufu au timilifu. Hapana inayokosa kundi, wala hapana iliyomo katika makundi mawili.

Wayunani walijua jambo jingine la ajabu zaidi. Walikuta adadi mbili, 220 na 284, ambazo kila moja huzaliwa na mafungu ya mwenziwe. Vigawo vya 220 ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110, na jumla yake ni 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220. Zikaitwa adadi zinazopendana, kwa kuwa kila moja imebeba ndani yake viungo vya mwenziwe. Ugunduzi huu ulinasibishwa kwa Pythagoras na wafuasi wake. Lakini walijua jozi hiyo moja tu, wala hawakuacha njia ya kupata nyingine. Euclid alikuwa ameweka kanuni ya adadi timilifu pamoja na burhani yake. Juu ya adadi zinazopendana hakuweka kitu. Thabit aliliona pengo hilo, akaandika risala nzima ya kuliziba.

Kanuni yake twaiweka hapa kwa maneno mepesi. Anza na 2 na uongeze maradufu: 4, 8, 16, 32, na kuendelea. Chagua moja katika hizo uifanye msingi. Kwanza, chukua nusu ya msingi, izidishe kwa 3, kisha utoe 1. Pili, chukua msingi wenyewe, uzidishe kwa 3, kisha utoe 1. Tatu, zidisha msingi kwa nusu yake, kisha kwa 9, na utoe 1. Umepata adadi tatu. Zikiwa zote tatu ni tasa, basi zidisha msingi kwa ile ya kwanza na ya pili, wapata mpendwa mmoja. Na zidisha msingi kwa ile ya tatu, wapata mwenziwe.

Tujaribu kwa msingi wa 4. Ya kwanza ni 5, ya pili ni 11, ya tatu ni 71, na zote ni tasa. Nne mara 5 mara 11 ni 220. Nne mara 71 ni 284. Ile jozi ya Wayunani imetoka yenyewe.

Tujaribu kwa msingi wa 8. Ya kwanza ni 11, ya pili ni 23, lakini ya tatu ni 287, nayo si tasa, kwani ni 7 mara 41. Hapa kanuni yatuambia tusimame, hatuna jozi. Msomaji alitie akilini jambo hili, kwa sababu tutalirudia: kanuni ya kweli yajua kusema hapana.

Tujaribu kwa msingi wa 16. Ya kwanza ni 23, ya pili ni 47, ya tatu ni 1,151. Je, 1,151 ni tasa? Hapana haja ya kuamini neno la mtu. Kwa kuwa 34 mara 34 ni 1,156, yatosha kuigawanya kwa adadi tasa kumi na moja tu, tangu 2 hadi 31. Na kila mara patabaki kitu. Basi ni tasa. Kwa hivyo 16 mara 23 mara 47 ni 17,296, na 16 mara 1,151 ni 18,416.

Tuzihakikishe adadi hizi kubwa. Vigawo vya 18,416 ni 1, 2, 4, 8 na 16, ambavyo jumla yake ni 31. Kisha 1,151, 2,302, 4,604 na 9,208, ambavyo jumla yake ni 17,265. Kusanya pamoja, wapata 17,296. Na vigawo vya 17,296 ni kumi na tisa. Kwanza 1, 2, 4, 8 na 16, jumla 31. Kisha 23, 46, 92, 184 na 368, jumla 713. Kisha 47, 94, 188, 376 na 752, jumla 1,457. Kisha 1,081, 2,162, 4,324 na 8,648, jumla 16,215. Kusanya zote nne, wapata 18,416. Basi 17,296 ni adadi ya zaidi, 18,416 ni adadi pungufu, na ziada ya moja ndiyo upungufu wa nyingine: kila moja yaona tofauti ya 1,120. Magunia yaliyomzidi huyu ndiyo yaliyompungukia yule.

Thabit hakuridhika kuonyesha kwamba kanuni imefaa mara moja au mbili. Alitoa burhani, yaani alithibitisha hatua kwa hatua kwamba kila adadi zile tatu zikiwa tasa, lazima zile mbili zipendane, hata kama msingi ni mkubwa kiasi gani, na hata kama hapana binadamu aliyepata kuuhesabu.

Alifariki Baghdad mwezi wa Safar mwaka 288 wa Hijra, sawa na Februari 901 wa Miladi. Nyumba yake haikuzimika. Mwanawe Sinan alikuwa tabibu mkubwa, akasilimu, na mwaka 931 alipewa kazi ya kuwatahini matabibu wa Baghdad, ili asitibu watu ila mwenye ujuzi. Mjukuu wake Ibrahim bin Sinan alikuwa bingwa wa jiometri, na alifariki mwaka 946 akiwa bado kijana.

Kanuni yake nayo iliishi. Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki yapata 1319, aliithibitisha kwa njia nyingine, akaitaja jozi ya 17,296 na 18,416. Na Ibn al-Banna wa Marrakech, aliyefariki 1321, aliijua pia. Katika karne ya 17 Muhammad Baqir Yazdi wa Uajemi aliitoa jozi ya msingi wa 128, nayo ni 9,363,584 na 9,437,056. Huko Ulaya, Fermat wa Ufaransa aliitangaza jozi ya kwanza katika hizo mwaka 1636, na Descartes akaitangaza ya pili mwaka 1638, kwa kanuni ile ile; na kwa muda mrefu vitabu vyao vilizihesabu jozi hizo kuwa ni zao. Hatusemi kwamba waliiba. Twasema kwamba mtu asiyevifungua vitabu vya babu zake asimlaumu jirani kwa kutovisoma.

Wala mlango haujafungwa. Mwaka 1866 kijana wa Italia wa miaka 16, aliyeitwa Nicolò Paganini, alionyesha jozi ndogo ya 1,184 na 1,210 iliyowapita wakubwa wote wa hesabu. Kanuni ya Thabit haiitoi jozi hiyo, kwa kuwa zipo zinazopendana zisizofuata njia yake. Kanuni yenyewe mpaka leo imetoa jozi tatu tu, za misingi ya 4, 16 na 128. Kwa mashine za kisasa zimekwisha kupatikana jozi zaidi ya bilioni moja, na bado hapana aliyethibitisha kama zina mwisho au hazina.

Sasa, ndugu zetu, tutazame lile tawi jingine lililoota katika shina hili. Kwa kuwa adadi hizi ziliitwa zinazopendana, watu wa talasimu walisema kwamba zaweza kuwafanya watu wapendane. Kitabu cha uchawi kiitwacho Ghayat al-Hakim, kilichotungwa Andalusi, chatoa maelezo ya kutumia 220 na 284 ili kuvuta mahaba kwa chakula. Ibn Khaldun, aliyefariki 1406, alitaja pia namna watu wa talasimu walivyozitumia adadi hizo mbili, na katika mlango huo huo akaeleza kwamba sharia imeuharamisha uchawi na talasimu pamoja. Wala hatutaficha kwamba kitabu kimoja cha sanamu za talasimu kimenasibishwa kwa Thabit mwenyewe, na kilisomwa sana Ulaya kwa Kilatini. Mtu aliyekulia Harran, mji wa kuzitukuza nyota, si ajabu kuhusishwa na mambo hayo.

Lakini jambo hili halituvunji nguvu. Bali ndilo linaloonyesha tofauti. Risala ya adadi yasimama hata kama hujui ni nani aliyeiandika. Mtoto wa shule ya Wote au ya Mwingi aweza kuchukua kalamu, akagawanya, akajumlisha, akaona kwamba 17,296 na 18,416 zinapendana, wala hana haja ya kumwamini Thabit, wala sisi, wala mwalimu wake. Talasimu haina chochote cha kuhakikisha. Ikishindwa, husemwa kwamba saa haikuwa nzuri, au wino haukuwa safi, au mwenye kuitumia hakuwa na imani, na kila sababu mpya ina bei yake. Tulisema kwamba kanuni ya kweli yajua kusema hapana: kwa msingi wa 8 kanuni ya Thabit hukataa, na hukataa bure. Ni nani aliyepata kuona mganga wa kitabu akimwambia mteja mwenye fedha mkononi kwamba hesabu yake imekataa?

Na tusidhani kwamba ubaya huu ni wa upande mmoja. Kwetu mpiga ramli huchora nukta pasi na kuzihesabu, kisha huzifuta mbili mbili, atazame kama imebaki witiri au shufwa. Katika Ukambani mwaguzi humwaga mbegu kutoka katika kibuyu na kuzisoma kwa hesabu yake. Mmoja ana kitabu na mwenziwe ana kibuyu, lakini kazi ni moja: ni kuifanya hesabu, ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka wazi kwa kila mwenye akili, kuwa mlango wenye bawabu anayedai ada. Mtu wa Pwani anayemcheka Mkamba kwa kibuyu chake, na huku mwenyewe amevaa namba shingoni, amejicheka mwenyewe. Tena aliye na kitabu ana lawama kubwa zaidi, kwani jirani humwona ni mwenye elimu, akamwamini kwa sababu ya herufi za Kiarabu asizozisoma. Hiyo ni khiyana ya elimu na khiyana ya ujirani.

Jirani zetu hawana upungufu wa hesabu hata wahitaji siri zetu. Katika Kikamba nne ni inya, tano ni itano, kumi ni ikumi; masikio yetu yatambua mara moja kwamba hesabu yao na yetu ni za ukoo mmoja. Watu waliopanga misafara ya pembe mpaka Mombasa, wakagawana faida na kurudi, walijua kugawanya kabla hatujawauzia karatasi.

Basi wasia wetu kwa ndugu zetu walioko Kitui, Mwingi, Makindu, Kibwezi na kwingineko ni kwamba tupeleke bara kilichotoka Baghdad kwa nuru, si kilichotoka kwa giza. Anayefundisha watoto chuoni jioni awape na hesabu, wawe watoto wetu au watoto wa majirani. Akiulizwa juu ya karatasi yenye namba, asitosheke kusema kwamba ni haramu. Aketi na muulizaji, aitwae kalamu, zigawanywe zile namba mbele ya macho yake mpaka hofu itoke. Na wenye mali wamkumbuke yule sarafu wa Harran, kwani huenda kijana mfano wake yuko leo katika soko la Kitui, apima ndengu na kurudisha chenji, wala hapana aliyesimama kumwuliza ajua nini.

Kwa wale watakaopenda kujaribu, twawaachia 1,184 na 1,210. Wavitafute vigawo vyake, wavijumlishe, na wajionee wenyewe. Hapana ada, wala hapana saa njema ya kungoja.

Wa billahi tawfiq.